Barua kutoka Melbourne: Mchoro Una Wenyewe

Shangazi mpendwa,

Natumaini mikorosho ya Masasi imeanza kutoa maua na mguu wako umepata nafuu. Uliniuliza kwenye simu kama wajukuu wako wanafundishwa lolote shuleni juu ya Waaborijini, wenye nchi hii. Wanafundishwa, na mtaala wa taifa unaagiza hivyo. Ila kufundisha kuna namna zake.

Mwaka juzi mjukuu wako alirudi na picha ya kangaruu aliyejazwa nukta za rangi kwa vijiti vya pamba. Darasa zima lilichora hivyohivyo. Hakutajwa msanii, wala kabila, wala mahali. Sisi tunaishi Preston, kwenye ardhi ya Wawurundjeri. Michoro ile ya nukta ni ya watu wa jangwa la kati, karibu kilomita 2,000 kutoka hapa. Waingereza walipokuja kulowea mwaka 1788, bara hili lilikuwa na lugha zaidi ya 250. Kumwonyesha mtoto kwamba watu wote hao ni nukta ni kumdanganya.

Na nukta zenyewe zina kisa kilichoanzia shuleni. Mwaka 1971, huko Papunya, ambako serikali ilikuwa imewakusanya watu wa jangwani wa makabila kadhaa, mwalimu Geoffrey Bardon aliwahimiza wanaume wa pale wachore simulizi zao kwenye ukuta wa shule. Kaapa Tjampitjinpa na wenzake wakachora simulizi ya sisimizi wa asali. Mwaka uliofuata wakaanzisha kampuni yao, Papunya Tula, na kazi zao zikaenea duniani. Ule ukuta, watawala waliupaka rangi na picha ikapotea. Inaniuma kila nikiifikiria.

Lakini yapo makubwa zaidi. Michoro ya mwanzo ilipoanza kuonyeshwa hadharani, wazee walilalamika kwamba inaanika mambo ambayo wanawake na watoto hawaruhusiwi kuyaona. Wachoraji wakabadilika, na baadhi yao wakatumia nukta kufunika alama za siri. Wewe uliyekuwa kungwi huhitaji maelezo: ya unyagoni hayasemwi barazani. Sasa mtoto wa miaka saba anapewa kijiti cha pamba aige kitu ambacho hata mwalimu wake hajui kinafunika nini.

Wakubwa nao wamefanya hivyo. Noti ya dola moja ya mwaka 1966 ilibeba mchoro wa David Malangi, msanii Mwaborijini wa Arnhem Land, na hakuna aliyekuwa amemwomba ruhusa. Alilipwa baadaye, mambo yalipokwisha kujulikana.

Mwaka huu mwalimu mpya amemwalika mama mmoja wa Kiwurundjeri, na shule imemlipa kama fundi yeyote anavyolipwa. Alikuja na joho la ngozi za posamu, mnyama mdogo wa mitini mwenye manyoya laini. Zamani mtoto alizaliwa akafunikwa joho dogo, akakua nalo likiongezwa ngozi, na wengi walizikwa nalo. Upande wa ndani huchorwa alama za ardhi na ukoo wa mwenyewe. Ukoloni uliikatisha kazi hiyo, na majoho ya kale yaliyobaki ni machache mno. Mawili yako katika makumbusho ya hapa Melbourne, moja la 1853 na jingine la 1872. Tangu mwaka 1999 wanawake wa jimbo hili la Victoria wameifufua, wakianza kwa kuyachunguza yale ya zamani. Ngozi hununuliwa New Zealand, maana huku posamu analindwa na sheria.

Mama yule hakuwaruhusu watoto waige alama zake. Aliwataka kila mmoja achore mahali ukoo wake unapotoka. Mtoto wa jirani yetu Mkongo akachora Ziwa Tanganyika na mitumbwi yake. Wa kwetu alichora mikorosho yako.

Sasa anataka kuwaonyesha wenzake picha za mapiko, vile vinyago vyetu vya kuvaliwa ngomani. Nimemwambia asubiri. Tafadhali mwendee yule mzee mchongaji, umuulize ni yapi yanafaa kuonwa na watoto na ni yapi yabaki huko. Akikataa yote, basi. Akikubali, uniambie anataka alipwe kiasi gani, nitume kwa simu.

Wako,
mtoto wa kaka yako