Uliza Maji Yaliwahi Kufika Wapi

Makoko, Musoma

Mwanangu Magesa,

Huku hatujambo, ila magoti yangu yananisumbua upepo wa ziwa ukivuma usiku. Picha za nyumba unayotaka kununua nimeoneshwa. Baraza linatazama maji, nami nikaipenda. Nilipoziangalia mara ya pili nikauona ukuta wa chini. Ule mstari wa kijivu karibu na dirisha si rangi iliyochakaa, mwanangu. Ni alama ya maji.

Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, kule Jinja unakoanzia mto Naili. Maji yake mengi hayaletwi na mito. Ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Ikizidi, ziwa linafura, na kushuka kwake huchukua miaka. Nilikuwa kitoto mvua za mwaka wa uhuru, 1961, zilipoanza. Kufika 1964 maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita mbili, na marehemu babu yako alikuwa amehamisha zizi mara mbili. Wakaja watu wasiojua habari hiyo, wakajenga palepale. Mwaka 2020 ziwa likarudi, 2024 likapanda kupita hapo. Nami niliyekuwa najua nilikuwa nimejenga jiko la nje karibu na maji, kwa ubishi tu. Asubuhi moja ya 2020 nikakuta furu wanaogelea kati ya mafiga.

Dalali atapenda uje Oktoba, ziwa likiwa limejivuta. Wewe njoo Mei, masika yakiisha. Nenda mwaloni alfajiri, dagaa wakishushwa, umwulize mzee yeyote: maji yaliwahi kufika wapi? Akikuonesha kwa kidole, simama hapo uitazame nyumba.

Kisha beba kamba ya kupimia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nyumba iliyo ndani ya hapo, ukiinunua umenunua kesi. Hati nayo ikakaguliwe ofisi ya ardhi, usiridhike na kivuli chake. Na kama muuzaji ana mke, naye aridhie kwa maandishi, maana nyumba ya familia haiuzwi na mmoja.

Sikukatazi ziwa. Nami silali vizuri nisiposikia mawimbi. Ila Musoma hatukosi miinuko ya mawe. Tafuta kiwanja huko juu, ulione ziwa lote, na kuteremka kuoga iwe matembezi yako ya jioni.

Mje na mkeo kabla hujatoa hata shilingi ya kishika nafasi. Nitawapikia furu. Siku hizi wanaingia jikoni kwangu wakiwa ndani ya ndoo, na ndivyo inavyopaswa.

Ni mimi shangazi yako.