Buti Gumu na Mguu wa Mtu

Mtu anayetafuta kiatu huanza na swali moja: kinanitosha? Anayetafuta buti la telemark huanza na jingine: ni gumu kiasi gani? Nimeishi Norway miaka mingi, na swali hilo la pili nimelisikia madukani na milimani hata nikalizoea. Sisemi kwamba ni swali baya. Nasema tu kwamba huulizwa kabla ya wakati wake.

Msomaji ambaye hajapata kukanyaga theluji atanivumilia nieleze kidogo. Telemark ni eneo la kusini mwa Norway, na pia ni jina la namna ya kuteleza ambayo kisigino hakifungwi. Ncha ya buti hushikwa kwenye ski, kisigino huachwa huru. Mtu anapogeuka mteremkoni, mguu mmoja hutangulia, na ule wa nyuma hukunja goti na kuinua kisigino, kama mtu anayetaka kupiga goti akaghairi. Anayetajwa zaidi katika historia ya mtindo huu ni Sondre Norheim, mkulima maskini wa Morgedal, aliyezaliwa mwaka 1825. Yeye alifunga viatu vyake kwenye ski kwa fito zilizosokotwa. Mwaka 1884 alihamia Marekani, akafariki huko mwaka 1897.

Kwa miaka mingi buti la kazi hii lilikuwa la ngozi. Wazee wetu walisema ngozi ivute ingali maji, na buti la ngozi lilivutwa na mguu wenyewe. Baada ya msimu mmoja lilikuwa limekijua kila kidole. Ila lililowa maji, likalegea, na likashindwa kuiongoza ski pana. Mwaka 1992 kampuni ya Scarpa ya Asolo, Italia, ilitoa buti la telemark la plastiki lililoitwa Terminator, na mambo yakabadilika. Plastiki hailowi, na ubavuni ina nguvu ambayo ngozi haikuwa nayo. Lakini plastiki haiujui mguu wa mtu. Buti la ndani, lile la sponji, huweza kupashwa moto likafuata umbo la mguu. Gamba la nje fundi anaweza kulisukuma kidogo hapa na pale. Urefu wake hauna dawa.

Sasa nije kwenye ugumu. Buti hili lina ugumu wa namna mbili. Upo wa shingo yake, inayoegemewa na muundi. Hiyo ikiwa ndefu na ngumu, mtu huielekeza ski kwa nguvu ya goti. Upo pia wa mikunjo iliyo juu ya vidole, inayofanana na mivukuto ya mhunzi. Hapo ndipo buti hupinda kisigino kinapoinuka. Mtu mzito akivaa lenye mikunjo laini, buti humwangukia na goti lake hushuka hadi karibu na ski. Mtu mwepesi akivaa lenye mikunjo migumu husimama juu ya ncha za vidole, buti likakataa kupinda, na ski ya nyuma ikaelea bila uzito. Kwa hiyo neno “gumu” peke yake halitwambii kitu mpaka tujue ni nani atakayevaa, ana ski gani, na anakwenda wapi.

Mwaka 2009 alinijia kijana wa kwetu, mzaliwa wa Tanga, aliyekuwa akifanya kazi Oslo. “Shikamoo mzee,” aliniambia, “wenzangu kazini wananipeleka Gaustatoppen siku za Pasaka. Nataka buti kama yao.” Gaustatoppen ni mlima wa mita 1,883 huko huko Telemark. Wenzake walikuwa watu wakubwa wa miili, waliokulia kwenye theluji, na mabuti yao yalikuwa marefu na magumu kuliko yote. Yeye alikuwa na kilo hamsini na kitu. Alikuwa na akiba ya kununua jozi moja, na juu ya hilo alikuwa na jambo ambalo hakulitamka: hakutaka kuwa yule Mwafrika anayesubiriwa na kundi zima.

Dukani zilikuwapo jozi tatu. Ya kwanza nyepesi, fupi, laini. Ya pili ya wastani. Ya tatu ndiyo hiyo ya wenzake, na muuzaji aliisifu kwa dhati. Mwamba ngoma huvutia kwake. Nilimwomba kijana atoe mabuti ya ndani yote, atie mguu katika gamba tupu, asogeze vidole hadi viguse mbele. Kisha tukatazama nyuma ya kisigino. Nafasi inayofaa ni kama sentimita moja, moja na nusu. Katika jozi ya tatu vidole vyangu viwili viliingia na kucheza.

Hapo ndipo nilipomwonyesha jambo ambalo naliona kuwa kiini cha habari hii. Mguu wa mtu hupinda mahali pamoja, pale vidole vinapoungana na unyayo. Buti nalo hupinda mahali pamoja. Likiwa refu mno, mikunjo yake huangukia mbele ya kiungo, juu ya vidole vyenyewe, na kuvibana kila kisigino kinapoinuka. Mvaaji husema buti ni gumu, kumbe linapinda pasipo pake. Halafu ili mguu usichezecheze, hukaza bizimu. Damu haipiti, vidole hufa ganzi, na kwenye baridi ya mlimani ganzi ni mwanzo wa madhara ambayo hayatibiki kwa kusugua.

Jozi ya kwanza ilimkaa vizuri, lakini ski alizoazimwa zilikuwa pana na zingelishinda buti laini namna ile. Ya pili ilimbana kidogo mgongoni mwa unyayo, nayo sponji ikapashwa moto ikatulia. Nilimtaka asimame nayo nusu saa, apige goti mara kwa mara, akikumbuka kwamba plastiki hukakamaa zaidi kwenye baridi kuliko ndani ya duka lenye joto. Alinitazama kama mtoto aliyenyimwa kisu kikubwa, kisha akalipa.

Aliniambia baadaye kwamba alianguka mara nyingi, na kwamba walimsubiri. Lakini saa zote za kupanda alipanda bila kulalamika miguu, na alipofika chini vidole vyake vyote vilikuwa na joto. Msimu uliofuata alikwenda tena.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ugumu wa buti unaweza kusifiwa na muuzaji na kushangiliwa na rafiki, lakini kidole kinachobanwa ni cha mmoja. Mwanzo ulizia buti linapinda wapi, na kama ndipo mguu wako unapopinda. Jibu likiwa ndiyo, suala la ugumu huwa dogo, na mara nyingi utagundua kwamba ule wa wastani unakutosha.