Kikata Mayai na Waya Uliokatika

Huenda wengine wenu watacheka wakiona mwalimu ameshika kalamu kuandika habari za kukata yai. Na wacheke, si neno. Lakini twawaomba wavumilie kidogo, maana kwa chombo hiki kidogo cha jikoni sisi tulipata fundisho ambalo hatukulipata katika vitabu vyote tunavyosomeshea.

Chombo chenyewe ni hivi. Kina kitako cha alumini chenye shimo la kadiri ya yai, nacho kimechanwa mifuo mifuo. Juu yake pana fremu iliyofungwa kwa bawaba, na katika fremu hiyo zimetandwa nyaya nyembamba kama nyuzi za zeze. Ukiweka yai lililochemshwa na kumenywa, kisha ukaishusha fremu, nyaya hupita ndani ya yai na kuingia mifuoni, nalo yai huwa vipande vyembamba vilivyo sawasawa. Aliyekibuni ni Mjerumani, Willy Abel, wa mji wa Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20. Sisi tutakiita kikata mayai.

Mtu atauliza, Je, kisu kina kosa gani? Kisu hakina kosa, ila ubapa wake ni mpana, na kiini cha yai hunata. Basi kisu kipitapo huburuta kiini, na kipande hutoka kimemomonyoka. Waya ni mwembamba, hauna ubavu wa kunatwa. Hiyo ndiyo siri yake yote.

Chombo hiki tulikinunua Tanga mwaka 2015, na mwaka uliofuata tulipohamishiwa Lushoto tukapanda nacho milimani. Nyumbani tulikuwa na binti wa kaka yetu, mwenye umri wa miaka 12, aliyeletwa kwetu ili asome. Alikuwa mtoto wa maneno machache na mikono miepesi. Kila Jumapili yeye ndiye aliyekata mayai ya kupambia wali, akayapanga duara juu ya sinia, nasi tukafurahi kumtazama.

Siku moja mwezi wa Agosti 2017 tukasikia mlio mdogo jikoni. Tulipoingia tukamkuta ameshika fremu, na waya mmoja umekatika, umejikunja kama unywele. Sisi, bila kuuliza, tukasema, "Umekatia kiazi kibichi!" Maana tulikuwa tumemkataza mara nyingi: chombo hiki ni cha vitu laini, kama yai lililoiva, ndizi mbivu na uyoga, kiazi kibichi au karoti huvunja nyaya. Yeye akajibu kwa upole, "Sikukatia kiazi, shangazi." Tukamwambia anyamaze, asiongeze uongo juu ya uharibifu. Tukakitia chombo katika sanduku la takataka za chuma, tukamkataza asiguse vyombo vyetu vizuri. Na jioni ile tukampigia simu baba yake kumshitaki. Baba yake akamgombeza sana. Mtoto akasikiliza, akasema, "Ndiyo, baba," akaenda kulala bila kula.

Siku nne zikapita. Kila asubuhi alitusalimu, "Shikamoo, shangazi," kwa adabu ile ile, lakini kicheko chake kilikuwa kimetoweka. Jumapili ilipofika tukamwona ameketi mlangoni mwa jiko na yai mkononi. Alikuwa amechukua uzi wa kushonea, ncha moja ameishika kwa meno na ncha ya pili kwa vidole, akapitisha yai juu ya uzi ulionyooka. Kipande kikaanguka sahanini, chembamba, safi, bila kumomonyoka. Baada ya kila yai aliusafisha uzi kwa maji baridi, akaufuta, ndipo akaendelea. Alipomaliza akauosha tena, akauanika.

Wasomaji, tuliona haya kabla hatujajua sababu ya kuona haya. Mtoto aitunzaye pamba ya senti chache hivi, angewezaje kuharibu chombo kwa uzembe? Tukaenda kwenye lile sanduku, tukakitoa kikata mayai, tukakitazama dirishani kwenye mwanga.

Waya haukukatika katikati, mahali ambapo kitu kigumu kingeukata. Ulikatika ukingoni, pale unapozungushwa kwenye kijino cha fremu. Hapo palikuwa na kiini cha yai kilichokauka, kigumu kama gundi, na chini yake kutu nyekundu. Na alumini ya kitako ilikuwa imepoteza mng'ao wake, imekuwa na madoa meusi na vishimo vidogo. Ndipo tukakumbuka.

Mwezi wa Mei tulikuwa na wageni. Mayai tulichemsha wenyewe, dakika zile zile tulizozoea pwani. Lakini Lushoto pameinuka kadiri ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kama kwenye nyuzi 95. Basi yai huhitaji muda zaidi ili kuiva. Viini vikabaki laini, vikazipaka nyaya zote. Usiku ukawa mwingi. Mtoto alitaka kuosha, nasi tukamwambia, "Nenda kalale, tutaosha wenyewe." Kisha tukakitumbukiza chombo katika karai la maji ya majivu, kama tufanyavyo kwa masufuria yaliyoungua, nasi tukalala. Tulikikumbuka kesho yake jioni, tukakisuuza upesi, tukakitundika kikiwa majimaji. Maji ya majivu hula alumini, na unyevu uliojificha chini ya uchafu hula chuma. Mkono wa mtoto ulimalizia tu kazi ambayo mkono wetu uliianza miezi mitatu nyuma.

Na sisi ndio tunaofundisha usafi wa vyombo darasani!

Tuseme kweli, ilikuwa vigumu. Moyo ulituambia, "Nunua kingine kimya kimya, mambo yatapita." Lakini shitaka tulilitoa hadharani, je, radhi tuifiche? Jioni ile, wote walipokuwa mezani, tukaweka kile chombo katikati, tukawaonyesha kutu, tukaeleza habari za usiku ule. Tukamwambia mtoto, "Mwanangu, ulisema kweli nasi hatukukusikiliza. Kosa ni letu. Tunaomba utusamehe." Kisha tukampigia kaka yetu simu, tukamweleza yote mtoto akisikia. Kaka akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mpe simu mwanangu." Waliyozungumza hatuyajui, kwani tulitoka nje. Aliporudi machozi yalikuwa yakimtoka, lakini alikula vizuri.

Mwezi uliofuata tulinunua kikata mayai kingine, tukamkabidhi yeye. Utaratibu wake, ambao hata leo twaufuata, ni huu. Yai lichemshwe mpaka kiini kikazike kabisa, kisha litiwe katika maji baridi lipoe, maana yai la moto hupondeka. Yai lililotagwa siku hiyo hiyo humenyeka kwa taabu. Lenye juma moja ni bora. Fremu ishushwe mara moja, kwa mkono ulio sawa, bila kuyumba. Mara ukimaliza, kabla hujaketi kula, pitisha nyaya katika maji baridi, kwa sababu maji ya moto hulipika yai likagandamana na waya. Ndipo utumie maji ya vuguvugu, sabuni laini na brashi ndogo, ukifuata urefu wa nyaya, wala usizikate kwa mshazari; usisahau pembe zile zinapofungwa. Majivu, mchanga na magadi visikaribie alumini. Mwisho kaushe kwa kitambaa, ukiache wazi hewani kabla ya kukifunika.

Binti yule sasa ni mtu mzima mwenye jiko lake. Kile cha zamani, chenye waya uliokatika, hatukukitupa. Kimetundikwa juu ya meza tunaposahihishia madaftari. Mwanafunzi akiletwa mbele yetu kwa shitaka, hukitazama kwanza, kisha tukamwambia, "Haya, eleza, tunakusikiliza." Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi tuliusomesha usemi huo miaka mingi kwa watoto, kumbe ulikuwa umetungwa kwa ajili ya wakubwa.