Mkeka wa Mama

Kwetu Msata nyumba ilikuwa ya kulala tu. Ilikuwa ya miti na udongo, kidirisha chake kama tundu la kuchungulia, na ndani giza hata saa sita mchana. Maisha yote yalikuwa uani: kupika, kutwanga, kusukana, kula, kugombana na kupatana. Mzazi akishatoka arobaini, na mtoto naye anakuwa wa uani. Mama alikuwa na mkeka wake wa kazi hiyo. Mtoto anaogeshwa, anapakwa mafuta ya nazi, ananyooshwa viungo kimoja kimoja, kisha analazwa mkekani kifua wazi aote jua. Likianza kuchoma anavutwa chini ya mwembe, likipoa anarudishwa. Wadogo zangu wote wanne nimewaona juu ya mkeka ule. Wakishajua kutembea, walishinda wakikimbia na kaptula moja, au bila hata hiyo, kwenye barabara ya vumbi inayotoka Bagamoyo. Gari likipita, tulilisikia kabla hatujaliona.

Mimi binti yangu nilimzalia Dar es Salaam, ghorofa ya tatu. Mama alikuja na basi, mkeka mpya wa ukindu kwapani, umefungwa kwa kamba. Asubuhi ya kwanza akamfunua mtoto ili ateremke naye. Nikamzuia. Nilimtajia vumbi, nikautaja upepo, nikayataja macho ya watu. Ambalo sikulitaja ni kwamba mwanangu alizaliwa mweupe, wageni walikuwa wakimsifia, na mimi sikutaka jua limkoleze.

“Mwanangu,” alisema, “kumwotesha mtoto jua si starehe. Ni kazi, kama kumwogesha.”

Nikamwonyesha dirisha. Mwanga si huu hapa, mama, umejaa chumbani? Hakubishana nami. Palizi ilipofika akarudi Msata, na mkeka akauacha nyuma ya mlango.

Leo najua kilichokuwa kikikosekana katika mwanga ule. Ngozi yetu hutengeneza vitamini D yenyewe ikipigwa na mionzi fulani ya jua, na kioo cha dirisha huizuia mionzi hiyo karibu yote. Ini na figo huikamilisha, ndipo utumbo unapoweza kunyonya kalsiamu ya kutosha kutoka kwenye chakula. Isipokuwepo, mfupa wa mtoto hurefuka bila kukomaa. Maziwa ya mama, pamoja na fadhila zake zote, yana vitamini D kidogo sana, na yangu mimi niliyekuwa nikiishi baina ya chumba na ofisi huenda yalikuwa na kidogo zaidi. Siku 84 za likizo ya uzazi zilipoisha nilimwachia mtoto dada wa kazi, nikamsisitiza asitoke naye nje. Alinitii.

Miezi kumi na mitano ikafika mtoto hajasimama. Kliniki walitazama kadi, uzito ukawa mzuri, nikaambiwa wengine huchelewa. Jirani akaniletea majani ya kumwogeshea. Mimi nilikuwa nikiangalia miguu, maana neno matege nilikuwa nalijua, na miguu yake ilikuwa imenyooka. Shanga za mkononi zilikuwa zimembana hadi nikazikata. Nikajisemea, mtoto ananenepa.

Daktari aliyekuja kuutambua ugonjwa wake hakuanza na miguu. Alimshika vifundo vya mikono, vilivyokuwa vipana kuliko ilivyo kawaida, kisha akapitisha vidole mbavuni, akanishika mkono nami nipitishe. Kulikuwa na vinundu, kimoja baada ya kingine, kama tasbihi. Shanga nilizozikata mkononi zilikuwa zimehamia kifuani. Picha ya eksirei ilikuja baadaye. Mimi nilikwisha kuelewa kwa vidole: yalikuwa matege, hata bila miguu kupinda.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za watoto 21 wenye matege waliochunguzwa katika mtaa mmoja wa mabanda jijini Nairobi, wa miezi 3 hadi 24. Wote walikuwa na vifundo vilivyopanuka. Wenye dalili miguuni hawakufika hata mmoja kati ya watano. Kalsiamu waliyokuwa wakila haikutofautiana na ya wenzao wazima, lakini wengi wao vitamini D ilikuwa chini ya nanomoli 30 kwa lita ya damu. Nairobi, karibu kabisa na ikweta! Nikakumbuka watafiti wa Uholanzi waliowapima Wamasai na Wahadzabe 60 hapa kwetu Tanzania na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012: wastani wao ulikuwa 115. Jua la wote hao ni moja.

Nisieleweke kwamba matege yote ni ya kukosa jua. Wako watoto wanaoshinda juani mifupa ikapinda kwa kukosa kalsiamu, na kule Arusha maji yenye floraidi nyingi yamepinda miguu ya wengi. Wala simfanyi mama yangu kuwa mtaalamu. Lile jua lake la saa mbili asubuhi, wanasayansi wanasema, huwa na mionzi michache. Mionzi yenyewe hushuka vizuri kivuli chako kinapokuwa kifupi kuliko wewe. Lakini mtoto wa uani hakuishia saa mbili. Mkeka ulikuwa mwanzo tu wa siku nzima ya kuwa nje.

Siku hiyo nzima haipo tena, hata Msata. Barabara ya kutoka Bagamoyo ina lami kilomita zote 64, na pale inapokutana na ile ya Chalinze kwenda Segera malori hayakatiki usiku na mchana. Kina mama wenye watoto wadogo wamefunga mageti, na nani awalaumu? Mwembe wetu haupo. Ulipokuwa uwanja pana fremu mbili za duka. Nyumba ya ndugu yangu ni ya matofali, vigae chini, madirisha ya kioo cheusi, na likizo iliyopita niliwakuta watoto wake watano sebuleni wakitazama katuni saa nne asubuhi, pazia zimeshushwa ili picha ionekane.

Binti yangu ana miaka kumi na mitano. Alitibiwa kwa matone ya vitamini na kalsiamu, mifupa ikakomaa, na anayemwona leo hawezi kujua. Lakini huu ndio umri wa mwili kuweka akiba ya mfupa, naye anapanda basi la shule saa kumi na moja alfajiri, anarudi magharibi, na Jumamosi ana tuisheni. Serikali huwapa watoto wadogo vitamini A kila baada ya miezi 6, jambo jema kabisa. Hii nyingine tumeliachia jua, kana kwamba jua litapanda ngazi lenyewe limfuate mtoto kitandani.

Mama hayupo tena. Nilichelewa sana kumwambia kwamba sababu haikuwa vumbi wala upepo, na huenda aliijua tangu siku ile. Jioni niliyotoka na mtoto hospitali nilimpigia simu nikilia. Shikamoo yenyewe ilinikwama. Nikamweleza vifundo, mbavu, picha, dawa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

“Ule mkeka bado upo?”

“Upo, mama. Nyuma ya mlango.”

“Haya. Ukung’ute vumbi. Kesho nakuja na basi la kwanza.”