Tulivyofunzwa Kukisikia Kifaransa

Mwaka 1984 nilikwenda Besançon, mashariki mwa Ufaransa, pamoja na walimu wengine wa Kifaransa kutoka nchi mbalimbali. Mto Doubs umeukumbatia mji huo wa kale karibu pande zote, na Victor Hugo alizaliwa hapo mwaka 1802. Kilichotupeleka sisi ni Kituo cha Isimu Tumizi. Kilianzishwa mwaka 1958, na wakati huo kilisifika kwa maabara zake za lugha: vibanda vimepangwa safu kwa safu, kila mtu na vipokea sauti masikioni, kanda zinazunguka, na mwalimu amekaa mbele akimsikiliza amtakaye.

Sarufi tulikuwa nayo. Vitenzi tulivinyambua hata usingizini. Lakini sisi tuliolelewa na Kiswahili tulikuwa na irabu 5, ilhali Kifaransa kinachoelezwa vitabuni kina 16: za kinywani 12 na za puani 4.

Mwalimu wetu wa fonetiki, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, hakututaka tutamke chochote siku za mwanzo. Alisoma maneno mawili mawili, nasi tuweke alama tu: yanafanana au yanatofautiana. Rue, roue. Pur, pour. Dessus, dessous. Karatasi za Waswahili zilijaa alama za kufanana. Nalo neno dessus ni juu, dessous ni chini! Mtu anakuelekeza ufunguo ulipo, wewe unainama kutafuta chini ya kabati, kumbe umewekwa juu yake.

Alitueleza bila kutudharau. Sikio lililokua na irabu 5 hupokea kila irabu ngeni na kuipeleka kwa mojawapo ya hizo 5. Ile ya dessus hutamkwa ulimi ukiwa mbele kama wa i, huku midomo imeviringwa kama ya u. Mswahili, kwa kuwa hana mahali pa kuiweka, huisikia u. Kumwambia arudie mara mia ni kumchosha, maana atarudia kile alichosikia.

Mwalimu alifuata mbinu za Petar Guberina wa Zagreb, ambazo zilitumika pia kuwafunza viziwi kusema. Badala ya kutupa kioo tutazame midomo, alitusemesha maswali mafupi yanayomalizika kwa sauti ya kupanda, na irabu yenyewe akaitangulizia s au t, kwa sababu konsonanti hizo ni kali na huing'arisha irabu inayozifuata. Tu l'as su ? Tukapandisha sauti hadi juu kabisa, kisha siku kwa siku akatushusha, mpaka irabu ile ikasimama yenyewe katika sentensi ya kawaida. Nakumbuka mwenzangu mmoja kutoka Kenya akivua vipokea sauti na kusema kwa mshangao, "Jamani, mbona kumbe ni mbili!" Tangu hapo hakuzichanganya tena.

Jambo la pili lilinijia kwa njia ya mwenzetu kutoka Lubumbashi. Tulizungumza naye Kiswahili, yeye cha kwao, mimi cha pwani, na Kifaransa alikuwa nacho tangu shuleni, kikimtoka kama maji. R yake aliipigisha ncha ya ulimi, si kooni kama watu wa Paris. Sisi tulitarajia akosolewe. Mwalimu hakumgusa. Alisema hata wazee wa vijijini huko Burgundy waliipiga r hivyo hivyo, na hakuna neno la Kifaransa linalobadilika maana kwa kuhamisha r kutoka ncha ya ulimi kwenda kwenye kidaka tonge. Hapo ndipo fonolojia ilipoacha kuwa istilahi ya mtihani kwangu. Fonetiki hueleza kila sauti inavyotolewa. Fonolojia huuliza tofauti ipi inabeba maana. Dessus na dessous inabeba. R mbili hazibebi.

Irabu za puani zilithibitisha hilo. Waswahili wengi, tukiambiwa tuseme vin, tulimalizia kwa ng' ya ng'ombe. Akaja kijana mmoja kutoka Toulouse kusaidia kufundisha, Mfaransa wa kuzaliwa, naye akatamka vin na kijisauti kile kile mwishoni, kama kusini wafanyavyo! Tena alizitofautisha brun na brin, ambazo Waparisi wengi walikwisha kuziunganisha. Ilibidi darasa zima lijadili Kifaransa cha nani ndicho tunachofundishwa, na mjadala huo ulitufaa kuliko kanda nyingi.

Kuna mahali Kiswahili kilitusaidia, na sijaona kikisifiwa vya kutosha. Irabu zetu ni safi, hazitelezi zikageuka irabu mbili. Wenzetu wazungumzaji wa Kiingereza waliteseka na é ya mwisho wa café. Silabi zetu huishia kwa irabu, na Kifaransa nacho, maneno yakifuatana, huvuta konsonanti ya mwisho ikaanzishe silabi inayofuata. Kazi yetu ilikuwa shadda: kuiondoa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuipeleka mwisho wa kundi zima la maneno.

Miaka 40 imepita. Maabara za kanda zimekufa, na simu ya mwanafunzi inabeba sauti nyingi kuliko vibanda vyote vile. Hata hivyo bado naingia madarasani kwetu nikakuta vijana wakisukutua koo kutafuta r ya Paris, na hakuna aliyewasikilizisha rue na roue. Mwalimu wa Kifaransa unayesoma haya, iache r yao. Anza na masikio yao, wiki ya kwanza, kabla hujaandika neno ubaoni.