Mtupo Usiozuiliwa na Mtu

Katika mpira wa kikapu liko jambo moja ambalo sisi walimu twapaswa kulifundisha kwa bidii. Mchezaji akitendewa kosa hali akiulenga mpira kikapuni, mwamuzi humpa mitupo huru. Husimama mstarini, futi 15 toka ubao, na kikapu ki juu futi 10. Hapana ruhusa mtu kumzuia. Kila mtupo uingiao ni pointi 1 tu.

Kwa kuwa ni moja tu, vijana huidharau. Hupenda kukimbia na kuruka wapate kusifiwa. Nikiwaambia watupe mara hamsini wakiwa wamesimama, hununa. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kitu chepesi hivi chahitaji mazoezi gani?" Nikamweleza habari za Nick Anderson.

Tarehe 7 Juni 1995, huko Marekani, Orlando Magic walicheza na Houston Rockets mchezo wa kwanza wa fainali ya NBA. Zilipokuwa zimesalia sekunde chache, Orlando walikuwa na 110 na Houston 107. Anderson wa Orlando akapewa mitupo miwili, yote ikakosa. Mpira ukamrudia, akatendewa kosa tena, akapewa miwili mingine, nayo ikakosa. Mmoja tu ungaliingia, Houston wasingaliweza kusawazisha kwa mtupo mmoja wa mbali, ambao ni pointi 3. Lakini Kenny Smith akautupa huo wa mbali, ukaingia. Katika muda wa nyongeza Houston wakashinda 120 kwa 118, kisha wakashinda michezo mitatu iliyofuata na kutwaa ubingwa. Naam, haba na haba hujaza kibaba, na haba ikipotea kibaba hakijai.

Wala Anderson hakuwa mchezaji hafifu. Msimu ule aliingiza mitupo huru ipatayo 7 katika kila 10. Msimu wa 1996-97 ikashuka hata ipatayo 4. Mkono ulikuwa ule ule. Mimi naona kwamba aliyekosa mbele ya watu wengi hutupa mpira pamoja na kumbukumbu yake.

Basi mambo mawili yafaa. La kwanza ni desturi: kuvuta pumzi, kukunja magoti na kuinua mkono kwa namna moja kila siku, pasipo mtazamaji, hata saa ya hofu mwili uijue kazi yake. La pili ni letu sisi tusimamao kando. Mtoto achekwaye kwa neno moja alilokosea kusoma, hukosea na kumi yafuatayo. Wachezaji wengi wakubwa humgusa mwenzao mkono baada ya mtupo, hata akikosa. Katika uwanja wetu nimeifanya hiyo kuwa sheria, na yule kijana aliyeniuliza ndiye aishikaye kuliko wote.