Siha: Nchi ya Ngano na Marubani

Barabara ya Sanya Juu inaachana na ile kuu ya Moshi na Arusha pale Boma Ng'ombe, kisha inashika kaskazini. Noah za huku huondoka zikijaa, na hata zikijaa konda bado humpatia nafasi mama mmoja na ndoo yake. Mwanzo wa safari ni tambarare kavu: migunga, mbuzi, vumbi, na vijana wa Kimaasai wamesimama kando ya ng'ombe wao wakitazama magari. Ukishapita Sanya Juu gari linaanza kupanda, hewa inapoa, abiria wanafunga madirisha. Halafu, bila taarifa, inatokea ngano.

Aliyezoea mashamba ya Uchagani, yale ya migomba na kahawa yaliyobanana hata jirani akikohoa unamsikia, atashangaa. Kilimanjaro ya upande huu wa Siha ni peupe. Mashamba yamelala juu ya mgongo wa mlima, manjano, mpaka msitu unapoanza, na juu ya msitu kuna uwanda wa Shira, na juu ya Shira ndipo Kibo inapochungulia na theluji yake iliyobaki. Kaskazini nchi inateremka hadi mpakani na Kenya, kwenye mbuga za Amboseli, na tembo wa pande zote mbili wana njia yao ya kupita huku.

Nilifika mwezi wa nane, wakati wa mavuno. Kombaini ilikuwa inakwenda na kurudi, nyuma yake wingu la makapi. Pembezoni mwa shamba alikuwa amesimama mzee mwenye koti zito na kofia ya sufu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea au umefika?"

Nikamwambia nimefika. Akacheka, akainama, akachuma suke moja lililoachwa na mashine. Akalisugua katikati ya viganja, akapuliza, makapi yakaruka, zikabaki punje chache kwenye mkono wenye sugu. Akatia moja mdomoni, akaing'ata kwa meno ya mbele.

"Sikia. Ikilia hivi imekauka. Ikikunyamazia, ukiipeleka ghalani itaoza."

Aliendesha trekta enzi za NAFCO, shirika la umma lililokabidhiwa mashamba makubwa ya nafaka baada ya walowezi kuondoka. Nikamuuliza kama amewahi kumsikia Derek Bryceson. Hajamsikia. Nikamtajia waziri wa kilimo wa wakati wa Mwalimu Nyerere, mzungu, aliyekuwa rubani wa vita na mkulima wa ngano chini ya mlima huu. Akatikisa kichwa. "Wazungu walikuwa wengi hapa. Wote walikuwa na mashamba."

Ni kweli walikuwa wengi. Mashamba haya yalianza kukatwa enzi za Wajerumani. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, serikali ya Kiingereza iliyataifisha yale ya Wajerumani kama mali ya adui, na baada ya vita ikawagawia wakulima wapya, wengi wao askari waliovua magwanda. Ndiyo sababu kipande hiki cha mlima kilipata marubani. Mmoja alikuwa Petrus Hugo, Kaburu kutoka Afrika Kusini, ambaye katika jeshi la anga la Uingereza anahesabiwa kuangusha ndege 17 za adui. Aliacha jeshi mwaka 1950, akaja kulima kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Bryceson hakuwa na sifa za namna hiyo. Alizaliwa China mwaka 1922, akajiunga na jeshi hilo hilo la anga akiwa kijana mdogo, na hakudumu angani. Ndege yake iliangushwa Mashariki ya Kati akiwa na miaka 19. Uti wa mgongo uliumia, na madaktari wakamwambia hatatembea tena. Akatembea. Mguu mmoja ulikuwa na nguvu kidogo ya kusogea mbele. Wa pili alikuwa akiurusha kutoka kiunoni, huku fimbo ikibeba uzito uliobaki. Akasoma kilimo Cambridge. Angeweza kupata kazi ya mezani Uingereza, lakini hakuitaka. Akaenda Kenya, akalima huko miaka miwili, kisha akaomba shamba katika yale ya Wajerumani chini ya Kilimanjaro. Nilipokuwa nikivuka matuta ya shamba lile la mzee, nikijikwaa na miguu yangu yote miwili mizima, ndipo nilipoelewa uzito wa uamuzi huo.

Lakini ardhi aliyoipata haikuwa tupu wala haikuwa na amani. Ukisimama kwenye ngano ya Siha na kutazama magharibi, ng'ambo ya tambarare unauona mlima Meru. Mashariki yake, mbele ya macho yako, ndiko Engare Nanyuki. Huko, Novemba 1951, serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000, nyumba zikachomwa moto, ili nafasi ipatikane kwa ufugaji wa wazungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, Mmeru mwenzao, alikwenda Umoja wa Mataifa kulalamika kwa niaba yao. Hakurudishiwa ardhi siku ile, ila nchi nzima ilisikia, na chama cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954 kilikuta watu ambao tayari wanajua serikali inaweza kushtakiwa.

Mlowezi wa Siha alikuwa na njia mbili za kuutazama moshi ule. Wengi waliona ni mambo ya Wameru. Bryceson alikutana na Nyerere na akaingia siasa upande wa pili. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, ule wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, yeye alikuwa miongoni mwa Wazungu walioungwa mkono na TANU. Baadaye alishika wizara ya afya, kisha ya kilimo. Serikali aliyokuwamo ndiyo iliyofuta umilikaji wa ardhi wa kudumu mwaka 1963, ule ambao walowezi waliuona kuwa ngao yao ya mwisho. Miaka miwili baadaye akagombea ubunge Dar es Salaam, kwa watu ambao karibu wote ni Waafrika, akashinda.

Hugo naye alipoteza shamba lake baada ya uhuru. Alirudi Afrika Kusini na kufariki huko mwaka 1986. Simlaumu kwa kulima. Alilima vizuri kama wengine. Ila aliipokea ardhi kama zawadi ya vita, na zawadi ya mtawala huondoka na mtawala.

Bryceson aliondoka mlimani pia, ila alibaki nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipewa kuongoza hifadhi za taifa. Aliponea chupuchupu tena pale ndege ndogo aliyoipanda na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, ilipoanguka Ruaha. Wawili hao walioana mwaka 1975. Saratani ilimchukua Bryceson Oktoba 1980, na majivu yake yalimwagwa baharini Dar es Salaam. Miaka 57 si maisha marefu kwa kalenda, lakini kwa mtu aliyeambiwa mambo yameisha akiwa na 19, ni mirefu ya kutosha kulima, kutawala na kutunza pori.

Siku hizi ngano inagombea nafasi na shayiri na viazi. NAFCO haipo tena. Mashamba mengine yamepata wawekezaji, mengine bado yanagombaniwa. Njiani kurudi tulipishana na fuso zilizopakia viazi vya lumbesa, magunia yamevimba juu ya mdomo kwa kilemba cha kamba, na abiria mmoja akasema mkulima wa huku hajawahi kuuza gunia moja kwa bei ya gunia moja.

Walimu wa historia wa Siha wana somo mlangoni mwao. Wawapeleke wanafunzi kwenye ngano ile, wawaonyeshe Meru, wawasimulie Kirilo, Hugo na Bryceson kwa pamoja, bila kumficha hata mmoja. Mashamba haya yamebadili wenyewe mara nyingi ndani ya miaka mia moja, na watakaoyapokea kesho ni watoto hao. Wayapokee wakijua yalivyopatikana.